Sukari Ilipimwa, Kitunguu Hakikupimwa

Yapo mazungumzo ambayo hayakosi katika ofisi zetu, wala katika vyumba vya walimu, inapofika saa ya chai. Mmoja huanza kwa kulalamikia bei ya sukari. Wa pili hudakia kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Na kabla vikombe havijakauka, kila mtu amekwisha kulisifu duka la kijijini kwao, alikokuwa akitumwa na mama yake huku ameifumbata sarafu mkononi. Duka lile, husemwa, lilikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa rahisi. Kisha kengele hulia, watu hurejea kazini, na dhuluma iliyojificha nyuma ya sifa hizo hubaki pale pale ilipokuwa.

Mimi nami ni mmoja wa wasifu hao. Nimekulia Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, mahali penye joto na vumbi, ambapo chemchemi hutoka ardhini na kugeuza nchi kavu kuwa mashamba ya vitunguu. Katika miaka ya mwisho ya 1990 duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya wateja. Ndani yake mlikuwa na chumvi na kandambili, daftari na jembe, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, majani ya chai, nyembe, viberiti, betri za redio, khanga, mablanketi na peremende ndani ya chupa ya kioo. Mafuta ya taa yaliuzwa kwa kikombe, na mwenye duka alikuwa na mrija wake wa kumiminia ambao hakumruhusu mtu mwingine aushike. Mdatoga aliingia kutafuta shuka, Mhadzabe aliingia na asali akatoka na unga, Mwiraqw aliteremka kutoka nyanda za juu akanunua msumari mmoja mmoja. Hapakuwa na mtu aliyeambiwa kwamba fedha yake ni ndogo mno. Aliyetaka kijiko cha mafuta ya kupikia alipimiwa kijiko.

Sukari ilifungwa katika kipande cha gazeti kuukuu kilichokunjwa mfano wa pia. Sioni haya kusema kwamba gazeti hili nililisoma kwanza katika vifungio hivyo, nusu ya habari ikiwa imechanwa na nusu nyingine ikinata utamu. Walimu wanaosoma makala haya wataelewa jambo hilo lilikuwa na maana gani kwa mtoto wa kijiji kisichokuwa na maktaba.

Lakini kitu kilichonivutia kuliko peremende kilikuwa mizani. Ilikuwa mizani ya vitanga viwili, iliyowekwa katikati ya kaunta mbele ya macho ya wote. Mwenye duka aliweka jiwe la robo kilo upande mmoja, akamimina sukari upande wa pili, kisha akangoja. Ulimi wa mizani ulipozidi kidogo, alichota punje chache kwa ncha ya kijiko na kuzirudisha gunani. Hakuiba, wala hakutoa sadaka. Alipima. Na sisi watoto tuliokuwa tumesimama kwa vidole vya miguu tulikuwa mashahidi wake.

Siku moja ya mavuno mnunuzi alikuja shambani kwetu na gari. Magunia yalijazwa vitunguu mpaka midomo. Kisha juu ya kila gunia ukashonewa wavu, na wavu nao ukajazwa, hata kila gunia likasimama na kilemba chake kama bwana harusi. Mama aliuza kwa gunia. Hapakuwa na mizani, hapakuwa na jiwe la kilo. Palikuwa na jicho la dalali tu, na jicho lile halikuwa letu. Jioni ya siku ile ile tulikwenda dukani kununua sukari robo, na mwenye duka akachota punje zake chache akazirudisha. Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza, "Mama, mbona sukari inapimwa na vitunguu havipimwi?" Alitembea kitambo bila kujibu, kisha akasema, "Sukari ina mwenyewe, mwanangu."

Nimesoma vitabu vya uchumi Chuo Kikuu. Sijapata kukuta ndani yake maelezo ya unyonyaji yaliyo mafupi na yaliyo kamili kuliko maneno hayo manne.

Hii ndiyo hoja yangu, nami naitoa waziwazi ili wanaotaka kuipinga waipinge. Tunalilia duka la zamani kwa sababu isiyokuwa ya kweli. Tunasema tunakumbuka urahisi wa bei. Lakini tunachopaswa kukikumbuka ni uwazi wa kipimo. Mkulima wa Mang'ola alikuwa, na mahali pengi nchini bado yungali, mtu mwenye vipimo viwili: anaponunua hupimiwa kwa gramu, anapouza hupimiwa kwa macho. Na maadamu hali ni hiyo, hakuna duka la bei nafuu litakalomwokoa, kwa kuwa anachookoa kwenye kaunta amekwisha kunyang'anywa shambani.

Wapo watakaodhani kwamba nataka kurudisha maduka ya umma ya miaka ya 1970. La hasha. Chama kinachojiheshimu hujikosoa kabla hakijakosolewa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ilitiwa mikononi mwa umma kwa nia njema. Mwaka 1973 yakaanzishwa makampuni ya biashara ya mikoa, ambayo wazee wetu wanayakumbuka kwa jina la RTC, na mwaka ule ule ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo ilikusudia duka la kijiji lichukue nafasi ya duka la mtu binafsi. Kusudio lilikuwa kumkata mlanguzi mirija. Lakini maduka binafsi yalifungwa mahali pengi kabla yale ya umma hayajawa tayari, na Serikali yenyewe ikalazimika kulegeza kamba. Kisha vikaja vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na ubao wa bei ukabaki ukutani wakati rafu ziko tupu. Bei iliyoandikwa kwa bidhaa isiyokuwapo ni bei ya nini? Aliyekuwa na kibali alipata sabuni. Asiyekuwa nacho alipata foleni. Mwaka 1983 ikaendeshwa vita ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Haya yote ni historia, na atakayeipaka rangi historia hiyo hamtendei haki mtu yeyote.

Hata hivyo, katika mwaka ule ule wa 1976 lilitendeka jambo la pili ambalo halitajwi sana katika mazungumzo ya saa ya chai, nalo lilimwumiza mkulima kuliko foleni ya sabuni. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982, lakini aliyewahi kuvunja nyumba anajua kwamba kuisimamisha tena si kazi ya siku moja. Vyama vile vilikuwa na wezi wake. Hilo nalo tulikubali. Lakini vilikuwa pia na mizani.

Na tusisahau vilizaliwaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Usukumani, wakulima wa pamba walichoka kuibiwa na wanunuzi waliochezea mizani. Hawakuanza kwa kudai duka, wala hawakuanza kwa kudai mkopo. Walianza kwa kuweka watu wao wa kusimamia upimaji wa pamba yao katika vituo vya kununulia. Kutokana na harakati hizo, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha nchi ya Ziwa Viktoria, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kwa hiyo anayeuliza ushirika ulianzia wapi katika sehemu ile na ajibiwe: ulianzia kwenye ulimi wa mizani. Vijana waliosimama kando ya mizani ya pamba wakiitazama namba walikuwa wanafanya siasa, hata kama hawakuwa na kadi mfukoni.

Tutazame pia ng'ambo, maana wapo waliosoma wanaoamini kwamba duka la bei rahisi ni ufumbuzi wenyewe. Mwaka 1879 Mmarekani Frank Woolworth alifungua duka ambalo kila kitu kiliuzwa kwa senti tano, na baadaye kwa senti kumi. Bei iliandikwa, bidhaa ziliwekwa mezani mteja azishike mwenyewe, na maskini hakulazimika kubembeleza. Maduka yake yalienea Marekani, yakavuka bahari hadi Uingereza, na vizazi vizima vya watoto vikakua vikiyapenda kama sisi tulivyolipenda duka la Mang'ola. Yalipofungwa, Marekani mwaka 1997 na Uingereza Januari 2009, watu wazima walisimama barabarani wakahuzunika.

Lakini urahisi ule ulilipwa na nani? Mwaka 1937, mjini Detroit, wasichana wauzaji wa duka la Woolworth waligoma wakakaa ndani ya duka siku saba, kwa sababu mshahara wao ulikuwa mdogo mno na saa za kazi nyingi mno. Na tarehe 1 Februari 1960, katika mji wa Greensboro, vijana wanne Weusi wanafunzi wa chuo walinunua vitu vidogo katika duka la kampuni hiyo hiyo, fedha yao ikapokewa vizuri. Walipoketi kwenye kaunta ya chakula, wakakataliwa huduma kwa sababu ya rangi yao. Duka lilikuwa tayari kupokea senti ya Mweusi, lakini halikuwa tayari kumpa kiti. Mwenye akili na azingatie. Penye bei rahisi daima yupo mtu aliyelipa tofauti, na aghalabu mtu huyo hayumo katika kumbukumbu tamu za wanunuzi. Katika Marekani alikuwa msichana wa kaunta. Katika Mang'ola ni mwenye shamba.

Sasa tuje kwenye lumbesa. Neno hili linajulikana na kila mtumishi wa umma aliyewahi kupangiwa kazi vijijini, na kwa bahati mbaya limezoeleka hata halitushtui tena. Sheria ya Vipimo ni ya mwaka 1982. Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Kanuni zinakataza kufungasha mazao katika gunia linalozidi kilo 100. Hatukosi sheria, basi, wala hatukosi chombo. Tunachokosa ni mizani penye shamba, na mtu wa kusimama kando yake bila kutazama pembeni.

Tuchukue hesabu ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuiandika ubaoni kesho asubuhi. Mkulima ameuza magunia 10 kwa bei ya gunia la kilo 100. Lakini kila gunia, pamoja na kilemba chake, lina kilo 130. Je, ametoa kilo ngapi bila malipo? Jibu ni kilo 300, yaani magunia 3 kamili. Mbegu ya magunia hayo matatu aliinunua. Maji yake aliyangojea zamu usiku kwenye mfereji. Mbolea yake huenda aliikopa. Vibarua waliong'oa na kukata majani aliwalipa. Kisha akayatia garini na kumpa mtu asiyemdai. Na pale ushuru unapohesabiwa kwa gunia, Halmashauri nayo imekosa ushuru wa magunia hayo matatu, ambao ungenunua madawati. Kwa hiyo lumbesa humwibia mkulima mchana, na jioni huiibia shule ya mtoto wake.

Nimezisikia hoja za wanaoitetea, nami sitazikwepa.

Hoja ya kwanza husema kwamba kitunguu hunywea na kuoza njiani, basi kilemba ni fidia ya hasara ya mfanyabiashara. Ni kweli kwamba kitunguu hupungua uzito kikisafirishwa. Lakini sukari nayo humwagika, na mafuta ya taa hupungua ndani ya pipa. Mbona mwenye duka hakutupimia robo kilo ya macho? Aliiweka hasara yake ndani ya bei, bei akaitangaza, nasi tukaamua kununua au kuacha. Mnunuzi wa vitunguu na afanye vivyo hivyo. Akisema, "Nitatoa pungufu kwa kila kilo kwa sababu ya safari ndefu," hayo ni mazungumzo ya biashara kati ya watu wawili walio sawa. Akisema, "Jaza mpaka nitakapokwambia basi," hiyo si biashara tena.

Hoja ya pili husema kwamba mkulima mwenyewe amekubali. Amekubali! Mtu ambaye mazao yake yamekwisha kung'olewa na kurundikwa, mawingu yanatanda, deni la pembejeo linamkaba, na hana banda lenye hewa la kuhifadhia, amekubali kama anavyokubali aliyeshikwa koo. Hiari ni ya mtu anayeweza kungoja. Mpeni banda la kuhifadhia na mkopo wa kumvusha wiki nne, kisha mwulizeni tena kama amekubali.

Hoja ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu hutolewa na watu wetu wenyewe. Husema kwamba tukibana lumbesa hapa, wanunuzi watahamia wilaya nyingine au watavuka mpaka. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo yatufundisha jambo moja: mizani ya kijiji kimoja haitoshi. Kijiji kinachopima peke yake huadhibiwa na kijiji cha jirani kisichopima. Hiyo ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa mkulima mmoja mmoja, wala soko huria, wala huruma ya dalali. Ni kazi ya Serikali na ya ushirika, bonde zima kwa siku moja, na nchi nzima baada yake. Mkulima wa korosho wa kusini anapeleka korosho zake ghalani, zinapimwa, anapewa stakabadhi, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005. Mfumo ule nao una kasoro zake, na kitunguu si korosho, maana hakivumilii ghala bovu. Lakini msingi ni ule ule: kilo kwanza, bei baadaye.

Yupo pia mnyonge wa tatu ambaye husahauliwa na pande zote mbili. Ni mpakizi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo anaobebeshwa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la lumbesa ni zaidi ya maradufu ya hapo, na linabebwa juu ya ubao mwembamba mpaka ndani ya gari, na vijana tuliocheza nao mpira. Migongo yao hailipwi fidia. Anayesifu wingi wa vitunguu sokoni na aitazame kwanza migongo hiyo.

Ndugu watumishi na walimu, makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya dalali. Dalali anajua anachokifanya. Yameandikwa kwa ajili yetu. Gunia lenye kilemba halipiti angani. Linapita mbele ya ofisi ya kijiji, linapita kwenye kizuizi cha ushuru, linapita mbele ya dirisha la shule. Kila mahali linapopita yupo mtu aliyesoma, anayeijua kilo, anayelipwa na umma, naye huinamisha kichwa katika makaratasi yake. Tumewafundisha watoto kwamba kilo moja ni gramu elfu moja. Kisha watoto hao wakienda shambani huona kwamba elimu hiyo ni ya darasani tu, na kwamba nje ya darasa kilo ni kiasi anachotaka mwenye gari. Je, tutashangaa kesho wakituona waongo?

Ninachokiomba si kikubwa. Pawe na mizani ya umma katika kila kituo cha kukusanyia vitunguu, iliyohakikiwa, iliyowekwa hadharani kama ile ya kaunta yetu. Bei ya kilo iandikwe kila asubuhi mahali ambapo hata mtoto anaweza kuisoma. Ushuru utozwe kwa uzito, usitozwe kwa gunia, ili Halmashauri iwe na sababu yake yenyewe ya kuichukia lumbesa. Ushirika wa wakulima ujengewe mabanda yenye hewa, ili mwenye mazao aweze kungoja. Na mtumishi atakayeruhusu gunia lenye kilemba kupita aulizwe jina lake, kama anavyoulizwa mwalimu aliyekosa kipindi.

Tukiyafanya hayo, basi na tukae kwenye chai yetu tulisifu duka la zamani, peremende zake na mafuta yake ya kikombe. Tutakuwa na haki ya kulisifu, kwa sababu tutakuwa tumekichukua kilichokuwa chema ndani yake na kumpelekea aliyenyimwa. Lakini tukiendelea kuimba urahisi wa sukari huku kilemba cha gunia kikizidi kurefuka, wimbo wetu utakuwa wimbo wa washiba.

Mama yangu alisema sukari ina mwenyewe. Alisema kweli kwa siku zile. Ni wajibu wetu sisi tuliosomeshwa kwa vitunguu vile kuhakikisha kwamba mtoto wa leo wa Mang'ola, akiuliza swali lile lile njiani jioni, atajibiwa kwamba kitunguu nacho kina mwenyewe.